Goma: Ripoti ilikuwa ya kijani, mama akakuta mlango umefungwa

Mama mmoja aliyekimbia vita alitoka Mugunga asubuhi na mapema, mtoto mgongoni, akatembea kwa miguu hadi Katindo. Ujumbe kwenye simu yake ulisema chakula kitagawanywa Jumanne. Alipofika, alikuta mlango umefungwa. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Ujumbe huo ulitumwa na programu ya kijana mmoja wa hapa Goma. Siku iliyotangulia alikuwa amebadilisha sehemu inayosoma tarehe. Kila anapobadilisha kitu, kompyuta ya mbali hufuata hatua alizoipangia: huchukua programu mpya, huijenga, huijaribu, kisha huipeleka kazini. Ripoti ilitoka ya kijani, akalala bila wasiwasi.

Aliposikia habari za yule mama, alingoja umeme urudi, akasoma ripoti mstari kwa mstari. Jaribio la tarehe lilikuwa limeshindwa. Lakini hatua zote alikuwa ameziandika katika faili moja ya Bash, na Bash isipoambiwa vingine, amri moja ikishindwa yenyewe huendelea na inayofuata. Mwishoni hubaki jibu la amri ya mwisho tu: sifuri ni kufaulu, namba nyingine ni kushindwa. Kupeleka programu kulifaulu, basi kosa likafunikwa.

Dawa ilikuwa mstari mmoja juu ya faili: set -e. Tangu hapo, amri ikishindwa, kazi yote husimama papo hapo. Akaongeza set -o pipefail, maana amri zikiunganishwa kwa alama ya |, kufaulu kwa ya mwisho huficha kushindwa kwa zile za mbele. Kisha akalitoa jaribio la tarehe nyuma, akaliweka kabla ya hatua ndefu zinazokula muda na mega. Mama anayechekecha unga wa muhogo akikuta mchanga, hangoji mpaka asonge foufou.

Siku hizi ripoti yake huwa nyekundu mara nyingi kuliko zamani, naye hakasiriki. Nyekundu maana yake ujumbe wa uongo haujatoka.

Alimpigia simu yule mama kumwomba radhi.

«Mama, kosa lilikuwa langu.»

«Si kitu, mwanangu. Lakini siku nyingine, kama huna hakika, nyamaza kwanza.»