Daftari la Klabu

Nilipokuwa kijana wa Kwa Sadala nilichaguliwa kuwa katibu wa klabu yetu ndogo, iliyokuwa na timu ya kandanda, timu ya netiboli, na wakimbiaji wachache ambao viatu vyao vilikuwa nyayo zao. Kazi yangu ilikuwa kutunza daftari la majina, michango na mabao. Nilipokwenda chuoni nililichukua, nikalisahau sandukuni, na mchwa wakalila.

Jambo hilo lilinikaa moyoni kimya hata siku moja niliposhuka Tengeru, katika barabara ile ile ipitayo kwetu kwenda Arusha, nikaingia makaburi ya Wapolandi. Watu hao walianza kufika hapo mwaka 1942, wapata 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wasovieti walikuwa wamewahamisha kwa nguvu hata Siberia na Kazakhstan, nao wakatoka huko kwa njia ya Uajemi. Makwao palikuwa mashariki ya Poland ya zamani, ambako mji mkubwa ulikuwa Lwów.

Mjini Lwów ilizaliwa Pogoń mwaka 1904, klabu ya shule kabla ya kuwa klabu ya mji. Haikuwa ya kandanda peke yake. Mchezaji wake Wacław Kuchar alilichezea taifa kandanda, akalichezea pia mpira wa magongo wa barafuni, tena akawa bingwa wa mbio. Sijui mtu huyo alilala saa ngapi! Pogoń ilitwaa ubingwa wa kandanda wa Poland mwaka 1922, 1923, 1925 na 1926. Mwaka 1939 vita viliizima, na mji wenyewe leo ni Lviv, katika Ukraine. Lakini mwaka 2009 Wapolandi waliosalia huko waliiamsha kwa jina lile lile, klabu ndogo isiyomtisha mtu.

Nilijiuliza: waliamsha nini, ikiwa uwanja, nchi na wachezaji vilikwisha kwenda? Walikuwa na majina na miaka. Sisi uwanja tunao. Majina niliyapoteza mimi.

Basi nilinunua daftari jipya, nikaenda kwa kaka mmoja aliyekuwa golikipa wetu. Hakunilaumu. Alisema tu, “Andika, Mwalimu, wenzetu wanapungua.” Akataja wanaume kumi na mmoja bila kupumzika, akanyamaza kana kwamba amemaliza. Dada yake, aliyekuwa akimenya ndizi, akauliza kama netiboli ilichezwa na mizimu.

Tumefikia majina 19. La ishirini tunalibishania bado.