Mshipa wa Fahamu

Muuguzi wa idara ya dharura alitaka namba. Sifuri ni kutokuwa na maumivu kabisa, kumi ni maumivu yasiyo na mfano, mgonjwa achague. Mkalimani hakuwapo chumbani. Sauti yake ilitoka kwenye simu iliyolazwa juu ya mto, naye alilifikisha swali kwa Kiswahili fasaha. Mgonjwa, bibi wa miaka 83, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Uingereza kumfuata bintiye, alitoa pindo la kanga katikati ya meno yake, akajibu: "Alhamdulillahi." Mkalimani akatafsiri. Muuguzi akasubiri kidogo, kisha akaandika mbili.

Binti alikuwa amesimama upande wa miguuni. Aliuona mguu wa kulia jinsi ulivyofupika na unyayo ulivyogeukia nje, namna mguu unavyokaa shingo ya mfupa wa paja inapovunjika. Alijua kwamba mbili ile ni uongo. Lakini alikuwa ameombwa, kwa adabu, amwachie mkalimani kazi yake. Kanuni hiyo ina busara: mtoto anaweza kumficha mzazi habari mbaya, au kumsemea asilolisema.

Kiswahili nacho hakimsaidii sana mgonjwa wa aina hii. Anaulizwa hujambo, naye hujibu sijambo hata akiwa hoi. Habari huwa njema kwanza, halafu ndipo huja ile "ila". Usiku ule hakuna aliyeisubiri "ila". Tena bibi huyu alikuwa na kielelezo cha kufuata. Katika ukoo ilikuwapo hadithi ya mavyaa wake, aliyeteleza uani akavunjika nyonga, akalazwa kitandani wiki nyingi akihudumiwa na mganga wa kuunga mifupa, na hakutoa sauti hadi siku alipofariki. Wajukuu walisimuliwa sifa hiyo kabla ya kujua nyonga ni kitu gani.

Daktari wa ganzi alifika yapata saa tatu usiku. Alichokusudia ni jambo la kawaida sasa katika hospitali nyingi za nchi ile: kupiga sindano karibu na kinena na kumimina dawa ya ganzi chini ya utando unaofunika msuli mkubwa wa nyonga, mahali zinapopita neva zinazopeleka maumivu ya nyonga na paja. Mkalimani akafasiri: "Daktari anaomba ruhusa yako azuie mshipa wa fahamu, ili mguu ufe ganzi."

Bibi alifumbua macho. "Mwambie sitaki. Fahamu zangu aniachie."

Mkalimani hakukosea, kamusi iko upande wake. "Mshipa wa fahamu" ndiyo tafsiri iliyofundishwa mashuleni, na ganzi kwa Kiswahili mtu hufa. Lakini mshipa wetu umebebeshwa mizigo mingi mno: unapitisha damu, unapitisha hisia, na mtu akisema fulani ana mshipa anaweza kuwa anataja maradhi mengine kabisa. "Neva" imeshaingia vitabuni; kwa bibi wa miaka 83 haijafika. Yeye aliyasikia maneno kama yalivyotamkwa, kwamba watamzuia fahamu na kumuua mguu, na akakataa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angekataa.

Kukataa huko kulikuwa na gharama. Lililobaki ni kuongeza mofini. Dawa hiyo hutuliza maumivu ya mgonjwa aliyelala kimya kuliko ya mgonjwa anayegeuzwa, na mwenye nyonga iliyovunjika hana budi kugeuzwa: kwa ajili ya picha, kwa ajili ya shuka, kwa ajili ya haja. Kwa wazee huweza kufunga choo, kupunguza pumzi, na kuleta kuweweseka, hali ambayo mtu hupayuka na kutowatambua wanawe. Maumivu yasiyotibiwa nayo huweza kuleta hali hiyo hiyo. Uhakiki wa Cochrane wa mwaka 2020, uliokusanya majaribio 49, ulikuta kwamba sindano za aina hii hupunguza maumivu ya kusogezwa kwa kiasi cha namba mbili na nusu katika ile kumi, ndani ya nusu saa, na kwamba katika kila wagonjwa 12 wanaopewa, mmoja huepushwa na kuchanganyikiwa. Si muujiza. Lakini bibi aliyekuwa akizilinda fahamu zake alikuwa anakikataa kitu ambacho kingemsaidia kuzilinda.

Hapo binti alivunja kanuni.

"Mama, unakumbuka ulipong'olewa jino?"

"Nakumbuka."

"Ndiyo sindano ile, ila hii ya mguu. Utakuwa macho, utasema, utasali."

"Ile iliyonifanya shavu zito?"

"Hiyo hiyo. Kisha uzito ukaondoka."

Bibi akafikiri. "Basi kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo?"

Mkalimani alimweleza daktari yaliyopita, daktari akathibitisha kwamba mfano ni sahihi, na bibi akaulizwa upya, akakubali kwa kinywa chake. Binti hakujua kuwa mfano wake ulikuwa na nasaba. Mwaka 1884 Carl Koller alionyesha kwamba kokeini hutia ganzi jicho; kabla mwaka haujaisha, William Halsted na wenzake mjini New York walikuwa wakiidunga kando ya neva, na miongoni mwa za kwanza ilikuwa ile ya taya la chini, kwa ajili ya meno. (Halsted alijijaribia mwenyewe dawa ile, na uraibu ukamnasa. Dawa za leo hazina mtego huo.)

Kazi yenyewe ilichukua dakika chache. Kifaa cha ultrasaundi, kilichopakwa ute wa baridi, kilipitishwa kinenani. Kwenye skrini utando ulionekana kama uzi mweupe, na dawa ilipoingia uzi uliinuka polepole. Baada ya nusu saa wauguzi wawili walimgeuza ili wabadilishe shuka. Pindo la kanga lilibaki kifuani.

Usiku wa manane binti alidhani mama amelala.

"Mavyaa wangu alikuwa akilia," bibi alisema. "Usiku. Tukifungua redio, majirani wasisikie."

"Mbona sisi tuliambiwa hakutoa sauti?"

"Tuliwaambia hivyo."

Akanyamaza kwa muda. Kisha akaanza kueleza mengine: jinsi walivyokuwa wakimwinua wanne wanne kumtoa chini ya godoro lililolowa, na jinsi mzee yule alivyowasihi wamwache alale kwenye uchafu. Yeye, mke wa mwana, ndiye aliyekuwa akishika mguu.

Kesho yake alifanyiwa upasuaji, akawekewa kichwa kipya cha mfupa wa paja. Siku iliyofuata mtaalamu wa mazoezi alimsimamisha kando ya kitanda. Ganzi ilikuwa imekwisha. Simu ikawekwa tena juu ya mto, muuguzi akauliza namba, mkalimani akaifikisha.

"Sijambo," bibi alisema, "ila saba."