Fimbo ya Kupimia Gari

Mwaka wangu wa uchungaji niliufanyia katika parokia moja ya Ufipa, juu kabisa, mahali ambapo ukitoka kanisani asubuhi ya mwezi wa sita unaiona pumzi yako mwenyewe. Vigango vingi viko huko huko juu. Vitatu viko chini, upande wa Bonde la Ziwa Rukwa, na barabara ya kwendea inashuka milima ya Lyamba lya Mfipa kwa kona na mawe. Paroko alipojua kwamba nina leseni na kwamba marehemu baba alikuwa fundi wa malori, alinikabidhi ufunguo wa gari kabla sijafungua begi. "Frateri," akasema, "hili ni lako kulitunza."

Lilikuwa zawadi. Marafiki wa parokia walioko Ulaya walilituma baada ya kutumika kule miaka mingi: gari kubwa, linavuta magurudumu yote manne, viti vya ngozi, na shokapu za upepo. Aina yake sitaitaja, maana aliyelitengeneza hakututuma tulipeleke bondeni wakati wa masika.

Mafundi wetu husema "shokapu za upepo", ingawa kwa kweli shokapu yenyewe ni ya mafuta kama kawaida. Kilichobadilishwa ni springi. Pale ambapo malori ya baba yalikuwa na chuma, gari hili lilikuwa na mfuko wa mpira mzito uliojazwa hewa, mmoja kwa kila gurudumu. Kompresa ndogo ya umeme inasukuma hewa, valvu zinaigawa, na kila gurudumu lina sensa inayoiambia kompyuta gari liko juu kiasi gani. Ukipakia watu nyuma, gari linalala kidogo, kompresa inanguruma, na gari linajiweka sawa tena. Ukifika kwenye mawe unabonyeza kitufe nalo linainuka sentimita tano hivi. Mabasi na malori yamekuwa na mfumo huu kwa miongo mingi; kwenye magari ya milimani uliingia na Range Rover mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Nililipenda gari lile, na sioni haya kulisema. Mwezi wangu wa pili tulimbeba mama mjamzito aliyeshindwa kujifungua, kutoka kigango cha bondeni hadi hospitali Sumbawanga. Mama mkwe wake alikaa nyuma amempakata kichwa. Tulipofika aliniambia, "Baba, umetubeba kama mayai." Yule mama alijifungua salama. Paroko naye, mwenye umri wa miaka sitini na kitu na maumivu ya pingili za mgongo, alikuwa anarudi kutoka vigangoni na bado anaweza kuungamisha watu jioni. Kwa gari la zamani, alisema, alikuwa akishuka anatafuta kitanda.

Mwezi wa saba nililikuta limelala upande wa kushoto nyuma. Watumikiaji waliokuja kwa misa ya asubuhi walicheka: "Gari la Padre limepiga magoti!" Niliwasha injini, kompresa ikanguruma, gari likainuka. Tukaenda zetu.

Hapo ndipo shida ya mfumo huu ilipo, na naomba mafrateri wenzangu mtakaokabidhiwa magari ya namna hii mnisikilize. Springi ya chuma ikivunjika, unajua. Gari linagonga, linaegemea, abiria wanalalamika. Mfuko wa hewa ukianza kuvuja hakuna kelele. Gari linazama usiku ukiwa umelala, na asubuhi linajiinua lenyewe mbele ya macho yako kana kwamba hakuna kilichotokea. Safari nzima ni laini vile vile. Anayeumia ni kompresa. Ile iliyotengenezwa ifanye kazi dakika chache kwa siku, sasa inafanya kazi kila mara kufidia hewa inayopotea. Inapata joto, inajizima ipoe, inaanza tena. Na chembe za kukausha hewa zinazokaa pembeni yake zinajaa unyevu, halafu unyevu unaingia kwenye valvu.

Haya yote niliyajua. Mwezi wa tisa nililipeleka gari Mbeya kwa shughuli nyingine, nikampitia fundi mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi na baba. Alipaka maji ya sabuni kwenye mfuko wa nyuma kushoto, na kwenye mkunjo wa mpira, pale ambapo vumbi hujisugua kila gari linapopanda na kushuka, mapovu yakaanza kutoka, madogo madogo kama ya mate ya mtoto. Aliniambia mambo mawili: nibadilishe mfuko, au ning'oe mfumo wote na kuweka springi za koili, kama wengi wanavyofanya. La tatu alilisema kwa ukali. Aliponiona nimeingiza kichwa chini ya gari alinivuta mkono. Gari la upepo haliingiwi chini bila kuwekewa vigingi, maana hewa ikitoka ghafla, gari lote linashuka na halikuulizi.

Mfuko mmoja, pamoja na kuuagiza, ulikuwa na bei ya mabati ishirini. Na mabati ndiyo tuliyokuwa tunachangisha mwaka ule, kwa ajili ya kigango ambacho mvua ilikuwa ikinyesha hadi altareni. Nilirudi nyumbani sikumwambia Paroko. Nilijipa sababu nzuri: nisimsumbue, tumalize paa kwanza, gari bado linainuka. Sababu nyingine sikujiambia kwa sauti. Niliogopa Halmashauri ya Walei wangeamua kuweka chuma, na mimi nilipenda kuendesha gari linaloelea.

Simu ilipigwa mwezi wa tatu, saa nne usiku, mvua ikinyesha. Mama mzazi wa katekista wa bondeni alikuwa amezidiwa, anaomba Mpako wa Wagonjwa. Paroko alichukua mafuta na Ekaristi, mimi nikakimbilia gari. Lilikuwa limelala chini kote, pande zote nne, matairi yamefunikwa nusu na bodi. Niliwasha. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Nikasubiri ule mngurumo. Haukuja. Nilizima, nikawasha, nikatoa fyuzi nikairudisha. Gari likiwa chini hivyo, limekalia vipande vya mpira vya mwisho, lingefika mteremkoni na kukwama kwenye jiwe la kwanza.

Paroko alisimama kwenye kibaraza dakika kama kumi akiniangalia. Kisha akaenda kumwamsha kijana wa bodaboda jirani. Wakaondoka wawili, yeye amejifunga nailoni juu ya kanzu. Sehemu nyingine waliisukuma pikipiki kwenye matope. Walifika saa kumi alfajiri. Bibi alikuwa amefariki saa tisa. Paroko alisali sala za marehemu pamoja na familia, maana mafuta hayapakwi maiti, akakaa nao mpaka kukapambazuka.

Alirudi mchana, matope hadi magotini, anatembea ameinama. Aliniuliza swali moja tu: "Frateri, hili lilianza lini?"

Nikamjibu, "Jana usiku, Padre."

Niliishi na jibu lile siku tatu. Nilihudumu misa, nilifundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, nilikula naye meza moja. Siku ya nne, baada ya masifu ya jioni, nilimwambia kwamba lilianza mwezi wa saba, na kwamba fundi wa Mbeya alinionyesha mapovu. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani hatasema kitu. Kisha akasema, "Kamwambie katekista."

Nilikwenda kwa bodaboda ile ile. Katekista alinipokea kama kawaida, "Tumsifu Yesu Kristo, Frateri," akanipa kigoda. Nilimweleza yote, na mifuko, na kompresa, na mabati. Sidhani kama alihitaji habari za kompresa, ila sikujua namna ya kufika kwenye jambo lenyewe bila kuzipitia. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho akasema, "Mama alikuwa anauliza kila mara gari limefika wapi." Akanyamaza. Halafu akaita ndani waniletee ugali, kwa kuwa nisingeweza kupanda mlima na njaa.

Kwenye kikao cha Halmashauri wazee kadhaa walitaka chuma, na walikuwa na hoja. Chuma fundi yeyote anakijua, hata kijijini. Paroko aliniachia nieleze upande wa pili, nami safari hii nilieleza pande zote: nilitaja wagonjwa tunaowabeba, nikataja pia bei, na kwamba mpira huu utachakaa tena baada ya miaka kadhaa, hilo halina ubishi. Mama mmoja wa WAWATA, yeye mwenyewe mkunga wa zamani, ndiye aliyewashawishi. Tukaagiza mifuko miwili ya nyuma na kompresa iliyotumika. Paa lilichelewa hadi mwezi wa nane.

Fundi alipomaliza alinikatia fimbo ya mbao. Kila jioni nikishapaki mahali tambarare, napima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kona zote nne, naandika kwenye daftari. Asubuhi kabla ya kuwasha napima tena. Ndiyo siri yote. Usipime baada ya kuwasha, maana gari litakuwa limeshajiinua. Kila wiki maji ya sabuni kwenye mikunjo, na kila tukirudi bondeni naosha mifuko kwa maji mengi ili vumbi na matope visikauke pale. Watumikiaji walizoea kuniona nikilizunguka gari na fimbo, wakaniita fundi cherehani.

Mwezi wa sita mwaka wangu ulikwisha. Asubuhi ya kuondoka nilipima mara ya mwisho, mkono unatetemeka kwa baridi. Mbele kulia, sawa. Mbele kushoto, sawa. Nyuma kulia, sawa. Nyuma kushoto ilikuwa imeshuka nusu sentimita. Nikapima tena, nikapata ile ile. Niliandika kwenye daftari, nikaingia ndani, nikamwambia Paroko kabla hajamimina chai.