Nilivyosaka hitilafu kwenye bastola ya mtumba

Najua nimekuwa kimya majuma matatu, na wengine mmeniandikia mkiuliza sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata iko wapi. Inakuja. Leo mnivumilie niandike kuhusu mashine isiyo na hata waya mmoja wa umeme, lakini iliyonitoa jasho kuliko programu yoyote niliyowahi kurithi kazini.

Wengi wenu mko nyumbani Kenya, kwa hiyo nianze na hili. Msijaribu haya huko. Sheria ya silaha, Sura ya 114, haitaki umiliki bastola bila cheti, na kazi ya kutengeneza ni ya mwenye leseni. Mimi niko Ohio, nina kadi ya kijani, na huku mkazi wa kudumu anaruhusiwa kununua baada ya kujaza fomu na kuchunguzwa rekodi zake. Nilipenda mchezo wa kulenga shabaha baada ya mfanyakazi mwenzangu kunialika uwanjani mara mbili tatu. Basi nikanunua yangu, mtumba, kwa dola 350.

Ni Smith & Wesson Model 10, bastola ya silinda yenye matundu sita, ya risasi za .38 Special. Ukoo wake ulianza 1899 ikiitwa Military & Police, na mwaka 1957 kampuni ilipoanza kutumia namba ikaitwa Model 10. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kiunoni mwa polisi wa Marekani. Yangu imepigwa chapa 10-5 pale silinda inapofungukia, maana yake ni toleo la kati ya miaka ya 1960 na 1970. Ndiyo, hata wahunzi wa bunduki wana namba za matoleo! Nilipoona hivyo nikajua tutaelewana.

Mke wangu hakufurahi. Tuna mtoto wa miaka miwili anayefungua kila kabati. Akaniuliza swali moja tu: "Baba Fulani, hicho kitu kikianguka chini kitalia?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hakiwezi, kina kizuizi ndani. Nilikuwa nimesoma. Akasema sawa, lakini kama hadi mwisho wa mwezi sijahakikisha ni salama, kitoke nyumbani. Nikakubali. Nikanunua kasha la chuma la kukifungia, na risasi nikaziweka kwenye kasha lingine lenye ufunguo wake.

DALILI

Siku ya kwanza uwanjani nilipiga risasi 50. Saba zilikataa kulipuka. Nyundo inapiga, tak, halafu kimya. Ikitokea hivyo usifungue haraka. Unaelekeza mtutu kwenye shabaha, unahesabu hadi 30, ndipo unafungua, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kushika moto. Nilipozitazama zile saba, fataki zake zilikuwa na alama hafifu, kama mtu aliyebisha mlango kwa ukucha.

Pili, baada ya risasi 30 hivi silinda ilianza kuwa nzito. Triga ikawa inavutika kwa shida kwenye baadhi ya matundu. Mara mbili silinda ilikataa kufunguka mpaka niisukume kwa kiganja.

Mfanyakazi mwenzangu akasema, "Hiyo mambo yake yamekwisha. Rudisha." Lakini duka lilikuwa limebandika ilani kwamba mali ya mtumba hairudishwi. Nikarudi nyumbani nimenuna, pesa zimeenda, na mwezi unakimbia.

KOSA LANGU LA KWANZA

Nilifanya kile ambacho huwa nawakataza vijana wanaoanza kazi, yaani kuamua jibu kabla ya kupima. Nilikuwa nimesoma kwamba bastola za aina hii zikizeeka hupoteza mpangilio wa mzunguko. Unapovuta nyundo taratibu, silinda inazunguka, na kuna kidole cha chuma chini yake ambacho lazima kiingie kwenye notchi yake kabla nyundo haijafika mwisho. Kikichelewa, tundu halijakaa sawasawa na mtutu, na risasi inaweza kuparuza inapotoka.

Nikahakikisha matundu yote sita ni matupu. Nikahesabu mara mbili. Kisha nikaipima, huku kidole kimoja kikiizuia silinda kidogo. Matundu mawili yalichelewa. Moyo ukashuka. Kutengeneza hilo kunahitaji fundi, kipuri, na labda pesa zaidi ya bei niliyonunulia.

Nililala na huzuni hiyo siku mbili. Ya tatu nikagundua kwamba kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro. Kwenye bastola hizi ile nyota inayosukuma maganda nje, ambayo ndiyo inayosukumwa ili silinda izunguke, ina ulegevu kidogo matundu yakiwa matupu. Maganda ndiyo yanayoishika ikae imara. Ukipima bila kitu ndani, unapima hali ambayo haipo wakati wa kazi. Nikajaza maganda sita yaliyokwisha kutumika, nikarudia. Matundu yote sita yakaingia kwa wakati.

Sijui ni mara ngapi nimefanya hivi na programu. Unajaribu kwa data tupu, inashindwa, unaanza kuandika upya kitu kisichokuwa na ugonjwa.

SILINDA NZITO

Baada ya hapo nikaacha ubishi nikaanza mwanzo, jambo moja kwa wakati, kila nililobadilisha nikiliandika kwenye daftari.

Nilisukuma kijiti cha kutolea maganda hadi mwisho nikaangalia chini ya ile nyota. Kulikuwa na ukoko mweusi na chembe za baruti ambayo haikuungua. Chembe hizo ni ndogo kama mbegu za mchicha, lakini nafasi kati ya nyota na ukuta wa nyuma ni ndogo vilevile. Zikikaa pale zinainua nyota, na maganda yanasugua ukuta. Ndiyo maana tatizo lilianza baada ya risasi 30. Nikasafisha kwa mswaki mkuukuu na dawa ya kusafishia, nikapangusa pakabaki pakavu. Usiache mafuta pale, yanakusanya uchafu mwingine.

Lakini hilo halikueleza kwa nini ilikataa kufunguka. Nikakishika kile kijiti kwa vidole, nikakuta kimelegea. Kimefungwa kwa nyuzi kama skrubu, na kikilegea kinarefuka, kinasukuma pini ya mbele chini ya mtutu, na silinda inajifunga yenyewe.

Nikakaza kuelekea kulia kama skrubu yoyote. Kikazidi kurefuka. Nikakaza tena. Kikarefuka zaidi! Hapo ndipo nikakumbuka tena ile chapa ya 10-5. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni iligeuza nyuzi za kijiti hiki zikawa za kushoto, kwa sababu silinda inazunguka kuelekea kushoto na ilikuwa inavifungua vijiti vya zamani. Bastola iliyotengenezwa kabla ya hapo inakazwa kulia, ya baadaye kushoto. Yangu ni ya baadaye. Toleo lilikuwa limeandikwa mbele ya macho yangu na sikulisoma.

Kabla ya kukaza, rudisha maganda matupu kwenye matundu yote. Yanaishika nyota. Bila hivyo nguvu yote inakwenda kwenye vipini vidogo vinavyoishikilia, na vikikatika umejitafutia gharama. Na kama lazima utumie koleo, zungushia kijiti ngozi kwanza. Mimi sikuzungushia, na alama za meno ya koleo ziko pale hadi leo.

RISASI ZILIZOGOMA

Hii ilikuwa rahisi na ya kuudhi. Ndani ya mpini kuna springi bapa inayoipa nyundo nguvu, na mbele ya mpini kuna skrubu ndogo inayoikaza springi hiyo. Skrubu hiyo inatakiwa ikazwe hadi mwisho. Haikuwekwa ili mtu arekebishe apendavyo. Yangu ilikuwa imefunguliwa karibu mizunguko miwili.

Haikulegea yenyewe. Kuna mtu kabla yangu aliona triga ni nzito, akafungua skrubu, akapata triga laini kama siagi. Akafurahi. Labda aina ya risasi alizotumia zilikuwa na fataki laini, zikalipuka zote. Kisha akauza, bila kuacha maelezo yoyote, kama yule aliyeandika msimbo ninaoutunza kazini. Nikakaza hadi mwisho. Nilirudi uwanjani Jumamosi, nikapiga 100. Zote zililipuka, na silinda ilizunguka vizuri hadi ya mwisho.

Nikarudi nyumbani naimba. Nikamwambia mama mtoto kazi imekwisha.

Akauliza, "Na ile ya kuanguka?"

KIMYA KILICHONITISHA

Nikataka kumjibu tena kwamba kizuizi kipo. Lakini niligundua kwamba sijawahi kukiona. Nilikuwa nimesoma tu kwamba kipo.

Historia yake ni hii. Zamani bastola hizi zilitegemea kipande kinachorudisha nyundo nyuma kidogo ukiachia triga. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bastola kama hizi zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya jeshi, zikiitwa Victory. Mwaka 1944 moja ya jeshi la majini la Marekani ilianguka, ikalia, ikamuua baharia. Kampuni ikaunda upya kizuizi, kijichuma chembamba kinachopanda kati ya nyundo na fremu kila unapoachia triga. Hata ukiipiga nyundo kwa nyuma, haifiki kwenye risasi.

Kijichuma hicho kimekaa huru kidogo ndani, kwa hiyo ukiitikisa bastola nzima ya aina hii unasikia mlio mdogo, chak chak. Wageni huudhika nao wakidhani kuna kitu kimevunjika. Yangu haikutoa sauti hata kidogo. Siku niliyoinunua nilijisifu kwamba imekazwa vizuri.

Nikaichukua, nikahakikisha tena ni tupu, nikaitikisa karibu na sikio. Kimya.

Usiku huo nilifungua bamba la ubavuni. Skrubu ni tatu, moja imejificha chini ya mpini, na hazibadilishani nafasi, kwa hiyo nilizipanga juu ya karatasi yenye mchoro. Bamba halichokonolewi kwa bisibisi. Unagonga fremu ya mpini polepole kwa mpini wa nyundo wa mbao mpaka linajiinua lenyewe. Ndani kulikuwa na grisi iliyokauka kama asali ya kale. Na pale kizuizi kinapokaa palikuwa patupu.

Mtu alifungua, akasafisha au akalainisha, akafunga. Kipande kimoja kikabaki mezani, au alikitoa makusudi kwa kuwa kilipiga kelele. Na bastola ikaendelea kupiga risasi bila kasoro. Hakuna jaribio langu hata moja la uwanjani ambalo lingegundua, kwa sababu kipande hiki hakina kazi siku ambayo kila kitu kinakwenda sawa.

Niliketi jikoni muda mrefu. Majuma mawili nilikuwa nimeibeba na kuijaza, nikimwambia mke wangu jambo ambalo halikuwa kweli. Sikudanganya kwa makusudi, ila nilimpa maelezo ya kitabu kana kwamba ni ya kitu kilichokuwa mkononi mwangu.

Nikamwamsha nikamwambia. Hakunifokea. Alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo swali langu lilikuwa zuri." Lilikuwa zuri kuliko vipimo vyangu vyote.

Sikutaka kuweka kipuri mwenyewe. Niliipeleka kwa fundi mwenye leseni, mzee wa miaka sabini na kitu. Alitikisa mara moja tu, hata kabla sijaeleza, akatikisa na kichwa. Kipuri hakikuwa ghali. Alikiweka, akasafisha ile grisi, akapima matundu yote sita, akaniwekea tone moja la mafuta pale panapohitaji. Kisha akaniletea sikioni. Chak chak.

Mwezi haukuwa umekwisha. Bastola imebaki, ndani ya kasha lake, na namba ya siri ninaijua mimi na mama mtoto tu. Kila ninapoitoa kwenda uwanjani naitikisa kwanza, na yeye akiwa karibu hunitazama mpaka asikie.

Nimebandika karatasi juu ya tarakilishi yangu kazini: "Umekiona, au umesoma tu?" Wenzangu wanadhani ni mstari wa Biblia.

Sehemu ya pili ya hifadhidata ni wiki ijayo, Mungu akipenda. Kama una mashine ya mtumba iliyokutoa jasho, iwe cherehani, saa au pikipiki, niandikie. Nitafurahi kusoma.