Feni ya Baba

Siku ya soko pale Ogwedhi huwezi kulikosa gari la baba. Ni Toyota Corolla kuukuu ya miaka ya 1990, nyeupe kwa asili, lakini siku hizi ina rangi ya vumbi letu. Huegeshwa mahali wanapopandia watu wa Migori, na humo huingia abiria wa kila namna: akina mama wa mboga, Mmaasai aliyekwisha kuuza ng'ombe wake, na dani fulani mwenye kuku ambaye hataki kuku huyo atiwe kwenye buti. Gari hilo ndilo linalonilipia karo. Kwa hivyo likichemka, nami nachemka.

Sisemi hivyo kwa mzaha. Gari likienda kasi, upepo hupita kwenye rejeta na kuyapoza maji. Likitambaa kilimani, au likisimama huku linanguruma likingoja abiria wa mwisho, upepo huo haupo. Hapo ndipo feni ya umeme inapotakiwa kufanya kazi. Sasa, baba aliponunua gari hili, alikuta fundi mmoja wa mjini amekata nyaya zote za feni, akatupa relei, kisha akavuta waya mmoja mrefu kutoka kwenye betri hadi kwenye swichi ya taa ya nyumba, naam, swichi ya ukutani, iliyofungwa chini ya usukani. Mafundi huita hiyo kupiga dairekti. Mshale wa joto ukipanda, baba anawasha. Ukishuka, anazima. Kidhibiti cha feni kilikuwa baba mwenyewe.

Nilipokuwa kidato cha pili, kidhibiti hicho kilisahau. Baba alikuwa akizungumza na abiria juu ya bei ya mahindi. Alipokumbuka kuutazama mshale, mvuke ulikuwa ukitoka chini ya boneti kama chungu cha githeri. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Pesa za kuitengeneza zilikuwa zangu za muhula wa pili. Nilikaa nyumbani wiki tatu, na katika wiki hizo tatu hakuna mtu aliyemlaumu baba kwa sauti. Yeye mwenyewe alikuwa akinitazama nikichunga mbuzi saa za masomo, halafu anageuza uso.

Likizo ya Agosti nilipiga moyo konde, nikamwambia kwamba nitaifunga feni upya, ijiwashe na kujizima. Alinitazama kwa muda mrefu. "Umesoma wapi hayo?"

"Kwa fizikia, baba. Relei."

Relei, kwa wale waliolala darasani, ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Mkondo mdogo hupita kwenye koili, koili inageuka sumaku, inavuta kibati, na kibati kinafungua au kufunga njia ya mkondo mkubwa. Feni ya gari hunywa ampea kumi au zaidi, na inapoanza kuzunguka hunywa zaidi ya hapo. Ukiupitisha mkondo huo kwenye swichi ndogo na waya mwembamba, swichi itayeyuka siku moja. Ile ya ukutani ilikuwa tayari imegeuka kahawia. Madukani huuzwa vidhibiti vyenye kitasa cha kuchagulia joto, lakini mfuko ulikataa. Tulinunua relei mbili za mitumba, fyuzi ya ampea 30 na waya mnene.

Swichi ya joto ilikuwa bado imefungwa kwenye injini, maji yakiigusa kwa ndani, waya wake umekatwa. Niliifungua, nikaitia kwenye sufuria jikoni pamoja na themometa niliyoazima kwa mwalimu, nikaiunganisha na betri na balbu ya tochi. Hapo nilishangaa. Maji yakiwa baridi, balbu iliwaka! Nikasema basi, imekufa, nikaenda kuitupa. Mama ndiye aliyenizuia. "Mbona kuni zangu zimeungua bure? Ngoja maji yatokote kwanza."

Nikangoja. Nyuzi 80, balbu inawaka. Nyuzi 90, inawaka. Karibu na 93, tup! Ikazima. Nilibahatika kuiona, kwa kuwa huku kwetu, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100. (Ndani ya rejeta ni mambo mengine. Kifuniko chake huyabana maji hata yakapita 100 bila kutokota, na ndiyo sababu anayekifungua injini ikiwa moto hujitakia kuungua uso.)

Ilinichukua usiku mzima kufahamu. Swichi haikuwa mbovu. Waliotengeneza gari walikusudia ifanye kazi kinyume: injini ikiwa baridi, swichi hupitisha umeme, na relei huizuia feni, injini ikipata moto, swichi hukata, relei hulegea, feni huzunguka. Kwa nini mzunguko huo wote? Kwa sababu waya ukikatika, feni itazunguka tu. Kosa linaangukia upande wa usalama. Nilicheka peke yangu kitandani, ndugu yangu akaniuliza kama nina malaria.

Asubuhi nilimweleza baba. Alisikiliza, kisha akauliza, "Na mimi nitawashia wapi?"

"Huwashi, baba. Inajiwasha yenyewe."

"Wuoda, mimi siendeshi gari linaloniamulia."

Nilikasirika kidogo, lakini nikamwekea swichi kwenye dashibodi ya kukata waya ule wa swichi ya joto, ili feni izunguke apendapo. Nikaongeza taa ndogo ya kijani inayowaka feni ikipata umeme. Nilidhani tumemaliza. Akauliza tena, "Na kuzima?"

Nikamwambia kuzima hakuna, maana kusahau kuwasha ndiko kulikotuunguzia gasketi.

"Na mtoni je?"

Sikuwa na jibu. Baba akanieleza kwamba wakati wa mvua, njia zetu za ndani hukatwa na vijito, na feni ikiingia majini ikizunguka, mapanga yake hupinda na kuitoboa rejeta. Hilo halikuwa katika kitabu changu. Basi tukafunga kitufe cha honi kuukuu: ukikibonyeza na kukishikilia, feni inasimama; ukikiachilia, inarudi katika kazi yake. Hakuna anayeweza kukisahau, labda awe na kidole cha chuma.

Siku ya kujaribu, nilikuwa na haraka. Relei ya pili sikuifunga. Niliiona ya ziada. Tulikwenda hadi Migori na kurudi, feni ikijiwasha na kujizima kama askari wa gwaride. Jioni baba alizima injini, feni ikaendelea kuvuma.

"Na hii?"

"Inapoza injini, baba. Itajizima," nikasema kwa kiburi, tukaingia kula.

Saa tisa za usiku jirani alibisha hodi. Mtoto wake alikuwa na homa kali, anatetemeka. Baba akazungusha ufunguo: kimya. Betri ilikuwa imekwisha. Ole wangu! Ufunguo ukitolewa, koili hukosa umeme. Koili ikikosa umeme, relei hulegea. Relei ikilegea, feni huzunguka. Ilikuwa imezunguka hadi betri ikaisha. Mtoto alipelekwa kwa bodaboda, amefunikwa blanketi katikati ya mamake na dereva, katika baridi ile. Alipona. Mimi nilisimama kando ya gari hadi kulipokucha.

Baba hakunigombeza. Alileta ile relei ya pili mkononi. "Hii kazi yake ni gani?"

"Kukata umeme wote wa feni ufunguo ukitoka."

"Basi ifunge."

Niliifunga mikono ikitetemeka, naye akinishikia tochi.

Muhula uliopita nilirudi nyumbani kwa midterm, nikamkuta amenuna. "Mtambo wako umeharibika. Unazunguka bila kusimama tangu Migori." Nilifungua boneti. Waya wa swichi ya joto ulikuwa umekatika, unaning'inia. Mshale ulikuwa chini, injini salama. Nilimwonyesha waya, nikamkumbusha ile sufuria ya mama. Aliutazama, akaushika kwa vidole viwili, akautikisa.

"Unganisha," akasema. "Watu wa Migori wanangoja."