Mlaji ni Mtoto

Binti yetu alipotimiza miezi 6, tulimtenga: yeye na kikombe cha uji mwepesi, sisi na chakula chetu. Miezi 2 ikapita, uzito haukuongezeka. Bibi yake, hapa Bujumbura, akampakata penye mlo wa jamaa. Kabla ya kutia chumvi, akateka maharage, ndizi na ndagala wa Tanganyika, akaviponda laini. Mtoto akatutazama tukitafuna, naye akafuata. Ziwa la mama halikukatizwa. Kumbe uji mwepesi hujaza tumbo tu. Samaki na maharage vina madini ya chuma yajengayo damu.

Miaka mingi twafundisha kwamba «lisha» ni «la» katika kauli ya kusababisha. Siku ile ndipo tulipoelewa: mlaji ni mtoto mwenyewe.