Kuandika Paneli za Jua Katika Ramani

Wasomaji wenzangu, mtu akitajiwa Jinja hukumbuka maji na umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa laitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na tangu hapo mji wetu umejulikana kuwa ni chemchemi ya umeme wa Uganda. Lakini ukitoka mjini kwa baiskeli, hata saa moja haijaisha utakuta nyumba ambazo waya za umeme hupita karibu nazo bila kuingia ndani. Wenye nyumba hizo hawakukaa wakingoja. Wengi wamenunua paneli ndogo za sola, wakaziweka juu ya mabati, na usiku watoto wao husoma kwa taa. Je, paneli hizo ni ngapi, na ziko wapi? Mimi na wenzangu wanne tulijitolea kuziandika katika ramani, na hayo ndiyo nitakayo kuwaeleza.

Fikira hiyo haikuanza kwetu. OpenStreetMap ni ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, nayo huchorwa na watu wa kujitolea. Kila mtu aweza kuongeza barabara, kisima au shule ya kijiji chake, na kila mtu aweza kuitumia bila malipo. Mwaka 2019 wachoraji wa Uingereza walishika kazi ya kuandika paneli za jua za nchi yao, moja moja. Kwa nini? Kwa sababu wingu likifunika mji, paneli zote za mji huo hupunguza umeme kwa pamoja, na wasimamizi wa umeme hawana budi kuwasha mitambo mingine. Wasipojua paneli ziko wapi, hawawezi kukisia wingu hilo litapunguza umeme kiasi gani.

Kwetu sisi sababu ni nyingine. Mashamba makubwa ya paneli, kama lile la Soroti lililofunguliwa mwaka 2016 na lile la Tororo la mwaka 2017, yanajulikana, na kila moja laweza kutoa megawati 10. Paneli ndogo za vijijini ndizo zisizojulikana, kwa maana hazikuungwa na waya wowote wa taifa. Hata hivyo, atakaye kujua ni kijiji kipi kina mwanga na kipi hakina, hana budi kuzihesabu hizo.

Mwanzoni tuliketi mbele ya kompyuta ya shule, tukatazama picha zilizopigwa na setilaiti. Paneli za viwanda na za shule kubwa zilionekana wazi, kama vitabu vyeusi vilivyopangwa juu ya paa. Paneli ya mwanakijiji, ambayo mara nyingi haizidi ukubwa wa sinia ya chai, haikuonekana kabisa. Basi mwalimu wetu wa jiografia akasema, "Tumieni miguu." Kwa Jumamosi sita tulitembea katika vijiji vya upande wa Budondo, tukiwa na simu moja na daftari. Kila nyumba tulipiga hodi, tukasalimu, tukaeleza shauri letu, kisha tukaomba ruhusa.

Wengi walitupokea vizuri, wengine wakatupa hata miwa. Mzee mmoja alikataa. Alituambia, "Wanangu, paneli hii nimeilipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Leo mnaiandika ninyi. Kesho nani ataisoma hiyo ramani? Mwizi hajui kusoma?" Mwenzangu mmoja akajibu kwa adabu kwamba paneli ile yaonekana na kila apitaye njiani. Mimi niliona mzee ana haki. Jambo linaloonwa na jirani si sawa na jambo linaloonwa na dunia nzima. Jioni ile tulishauriana, tukapatana hivi: paneli za nyumba za watu tutazihesabu kwa kijiji tu, katika daftari, bila kuonyesha ni ya nani, katika ramani tutaandika zile za shule, za zahanati na za pampu za maji, ambazo ni mali ya wote.

Zahanati moja ndiyo iliyonifundisha zaidi. Katika picha ya setilaiti tuliona paneli nane juu ya paa lake, tukafurahi. Tulipofika, muuguzi alitufungulia sanduku la betri: zilikuwa zimevimba na kufa. Paneli zilikuwa nzima, zikimeta juani, lakini usiku akina mama walikuwa wakizalishwa kwa mwanga wa simu. Paneli njema hudumu miaka 20 na zaidi, bali betri ya asidi huchoka baada ya miaka michache, na mara nyingi atoaye paneli hakumbuki kuweka akiba ya betri ya pili. Wahenga walisema kweli: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwenye kutazama kutoka angani angeandika kwamba zahanati ile ina mwanga, na pengine msaada ungepelekwa kwingine.

Sisi tuliandika: "Paneli zipo, hazifanyi kazi." Yule muuguzi akayasoma maneno hayo katika simu yetu, akasema, "Haya, wanangu, andikeni na tarehe." Tukaiandika.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, neno lile la tarehe ndilo ninalowaachia. Betri hufa, nyingine hununuliwa, na ramani isiyorudiwa hugeuka uongo polepole, ijapokuwa aliyeichora alikuwa mkweli. Sisi watano mwakani tutakuwa tumekwisha maliza masomo. Daftari liko kwa mwalimu wa jiografia, na vijiji tulivyofika vimeandikwa ukurasa wa kwanza. Anayependa kutembea na aende akaliombe.